Kijiko Kimoja cha Siki, Kisha Kimya

Jumatatu, 4 Machi

Kiungulia tena. Kimeanza alfajiri, kikapanda kutoka tumboni mpaka kooni, kikakaa hapo kama mpangaji asiye na nia ya kuhama. Nimejaribu kila kitu. Maziwa baridi: yamepita, moto umebaki. Tangawizi: kumwagia moto mafuta. Juzi nikaweka matofali chini ya kitanda upande wa kichwani, maana nilisikia mtu akilala kwa mteremko tindikali haipandi. Tindikali ilipanda. Aliyeteremka ni mke wangu. Asubuhi nilimkuta sakafuni, amejikunyata na shuka lake kule miguuni. Hata hajainuka akaniuliza kama nimelala vizuri, na nilipomwambia hapana, akanipa pole.

Ndivyo alivyo. Pole zinamtoka kama jasho. Mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara, yeye huku dirishani: pole. Mwanasesere wa mtoto akianguka: pole. Mimi pole sisemi. Sijaona pole iliyoponya hata kidole. Ukimpa mtu pole leo, kesho anakuomba na nauli.

Daktari wa zahanati alisema niache pilipili, niache nyama ya kukaanga, niache kula na kulala papo hapo. Nikamwuliza kama hana dawa nyingine.

Kazini mambo mazito. Sisi tunakodisha maturubai, viti na vyombo vya sauti, harusi na misiba. Viti na maturubai ni vyangu. Vyombo vya sauti ni vya mwenzangu tunayemwita Spika, mtu mwembamba, mwenye tabasamu la kuazima na roho ya kwa nini. Leo Tajiri, mwenye kampuni, katuita wote wawili akasema Jumatatu ijayo atamteua msimamizi wa ghala, na ni mmoja wetu. Nikafungua mdomo niseme niko tayari. Ikatoka mbweu. Mbweu yangu inajulikana ghala zima: mbili fupi, moja ndefu, na mwishoni kamluzi, kama kiti cha chuma kinachoburutwa kwenye saruji. Spika akasema taratibu kwamba usimamizi unataka mtu mwenye afya. Yeye ndiye wa kusema! Mke wake ana kwikwi mwaka wa tatu sasa, haikati, hata msibani anaiachia. Mimi nimewahi kulisema hilo? Nimelisema mara chache tu.

Jioni kaja Shangazi, dada wa marehemu baba, na chupa ya siki. Chupa nyeusi, kizibo chake kitambaa. Ndani kunaelea kitu cheupe kama utando wa maziwa yaliyopoa. Akanielekeza: kijiko kimoja kwenye maji, kunywa, kisha kaa kimya mpaka mtu akupe pole. Akasema bado kuna nusu ya pili ya maelezo, tena ndiyo kubwa. Nikamwambia nusu ya kwanza inanitosha, nyama inaungua jikoni. Akaniambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nyama ilikuwa tamu sana.

Jumanne, 5 Machi

Ajabu ya maajabu.

Nimekunywa siki kabla ya kazi. Kali, inanuka kama soksi. Nikaketi kwenye kiti cha jikoni, kimya, kifua kinawaka. Mke wangu akaingia na ndoo ya maji, akaniona sura, akasema pole mume wangu.

Moto ukazimika. Haukupungua, ulizimika, kama mtu kafunga jiko. Nilijipapasa kifuani kama mtu aliyeibiwa. Hakuna kitu. Nikala nyama iliyobaki jana, nikaongeza pilipili, nikaondoka nikipiga mluzi. Ghalani nimebeba viti hata visivyohitaji kubebwa, Tajiri anione.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkono wa kushoto kifuani, kidevu juu. Akafungua mdomo kunisalimia. Mbili fupi, moja ndefu, kamluzi.

Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka kidogo, akashika koo. Nikamshauri awe anatafuna taratibu.

Jumatano, 6 Machi

Moto umerudi kwangu asubuhi. Nadhani ni ile pilipili. Nikanywa kijiko, nikakaa kimya. Mke wangu alikuwa bado kitandani, hajalala vizuri. Aliyekuja ni binti yetu, yule tunayemwita Chiriku kwa sababu maneno yake hayana kituo. Yuko darasa la pili. Alikuwa na begi mgongoni, ananihadithia kuhusu mwenzake aliyemeza jino, akasita, akanitazama, akasema pole baba.

Ukazimika. Vilevile, kama jiko.

Kilichonishangaza ni chupa. Ilikuwa mezani mbele yangu, na ule utando ulikuwa umehama. Ulikuwa umejibandika upande wa kwake mtoto.

Mchana mwalimu wake kanipigia simu. Anasema mtoto amepiga mbweu darasani. Wenzake walicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka, wote kwa pamoja, kwa sababu ile haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye kitambi. Mwalimu aliuliza kama nyumbani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, mimi najisikia vizuri kabisa.

Nilipokata simu nywele zilinisimama. Nilikaa juu ya rundo la maturubai nikawaza mwanangu, mdogo vile, na moto wangu kifuani mwake. Niliwaza kwa muda mrefu. Halafu nikamwaza Spika.

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni mali. Mpango ni huu: nile nyama ya pilipili, moto uwake, ninywe siki, kisha nihakikishe wa kwanza kunipa pole ni Spika. Jumatatu aingie kwa Tajiri akibweua kama beberu. Nani atampa funguo za ghala?

Nimeibeba siki kazini kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikanywa nyuma ya stoo, nikamfuata Spika alipokuwa anakunja nyaya. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba nina huzuni. Hakuona. Nikapiga magoti mbele yake, nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la spika kubwa: MJOMBA AMEFARIKI. Sina mjomba, walishaisha zamani.

Spika akasoma. Akavua kofia. Nikasogeza sikio. Akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikangoja. Akasema sote njia ni moja. Nikangoja tena, kifua kinaungua, macho yananitoka. Akasema leo yeye, kesho sisi, akafuta vumbi kwa kitambaa, akaendelea na nyaya zake. Mtu ana mkono wa birika mpaka kwenye maneno! Sijawahi kuona ubahili wa namna hii.

Nilirudi nyumbani bila kufungua mdomo, moto juu ya moto. Mke wangu akanifungulia mlango, ameegemea ukuta, uso umemkauka. Nilimpungia mkono asiseme. Nilimpungia kwa nguvu. Akadhani naumwa sana. Akasema pole, mume wangu, pole jamani.

Sasa anao wa mara mbili. Mimi nilijitahidi, Mungu ni shahidi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wa pili. Maneno hayamgusi Spika, basi damu itamgusa. Nimepanga viti vya plastiki virefu kupita kawaida, nikanywa siki, nikapanda juu, nikangoja apite. Akapita. Nikajiachia.

Viti viliniangukia vyote. Kifundo cha mguu kililia kha. Spika akasimama, akanitazama pale chini ya viti, akasema tuliambiwa tusipange virefu hivyo. Akaruka mguu wangu, akaenda kunywa chai.

Kumbe nyuma yake alikuwa mteja, mama wa bibi harusi, aliyekuja kukagua viti vya harusi ya kesho. Mama mwenye huruma zake. Akaweka mkoba chini, akainama, akasema pole mwanangu. Hapohapo akajishika kifua. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu aliyeguswa begani akageuka asione mtu.

Moto umeenda. Mguu haukwenda. Nimegundua siki ni ya kiungulia peke yake.

Nyumbani Chiriku hakunihadithia chochote. Nilimwuliza yule mwenzake aliyemeza jino yuko vipi. Akainua mabega. Chakula aligusa kwa kijiko, akakisukuma. Mke wangu akasema mtoto hali kitu tangu juzi, anataka maji tu. Nikala sehemu yake isiharibike.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Viti vyangu vilipangika vizuri, turubai limevutwa halina hata mkunjo. Tajiri mwenyewe alikuwepo, amekaa mbele. Nikajisemea leo ananiona.

Mchana ukafika wakati wa mama wa bibi harusi kuwashukuru wageni. Spika akampa maiki. Mama akasimama, amependeza, uso umemkauka. Akasema ndugu zangu. Halafu ikatoka. Ilitoka kwenye spika zote kwa mpigo: mbili fupi, moja ndefu, na kale kamluzi kakarudi kutoka ukuta wa mbele, kutoka ukuta wa nyuma, kakazunguka juu ya vichwa vya watu mpaka vikombe vikalia mezani.

Hakuna aliyecheka. Watoto waliziba masikio. Na wafanyakazi wetu wote, mmoja mmoja, waligeuka wakanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mbali kabisa, mdomo umefungwa. Tajiri akageuka wa mwisho. Spika alikuwa anatabasamu huku anashusha sauti.

Nilirudi nyumbani jua likizama, nikiwa na sahani ya nyama niliyoifunika. Taa haijawashwa. Nilidhani hakuna mtu. Halafu nikawaona, mke wangu na Chiriku, wamekaa sakafuni wameegemea ukuta, mito nyuma ya migongo. Maana kulala chali hawawezi. Videvu juu. Mikono ya kushoto kifuani. Vidole gumba vinasugua shingo, polepole, vinapanda na kushuka pamoja. Huko kusugua ni kwangu. Mimi ndiye ninayesugua shingo hivyo tangu ujana wangu, hakuna mwingine. Wakageuza vichwa kunitazama, kwa wakati mmoja.

Niliogopa. Naandika ukweli, niliogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikala nyama nje.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi, nachechemea. Alikuwa anachambua mboga uani, hakuinua kichwa. Akasema umekuja kwa ile nusu ya pili. Akaniambia nikae, na mara hii nisikilize, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaficha guu.

Maelezo ni haya. Anayekupa pole anakupokea mzigo. Kwa hiyo, ukishapumzika, unamrudia kwa miguu yako, unamtazama, unampa pole na wewe, kwa mdomo wako. Mzigo unarudi kwako, lakini unarudi umechoka. Unakusumbua kidogo, unaisha. Ndivyo watu wanavyobebana, akasema, si dawa ile, siki ni siki tu.

Nikamwuliza kama lazima urudi. Hauwezi kuisha hukohuko uliko?

Shangazi akaacha mboga. Akasema moto ukikaa ugenini unazoea. Ukizoea haurudi tena. Kifua cha mtu mzima huchukua muda, cha mtoto hakimalizi wiki. Akauliza Chiriku aliupokea lini. Nikasema Jumatano. Akasema basi Jumatano hii jua lisizame hujamwambia neno hilo. Ni neno moja, mwanangu, silabi mbili. Halafu akaongeza niwe mwangalifu ninampa nani, kwa sababu pole ni mlango, ukiufungua kinaingia kilichopo nje. Huko sikusikiliza sana, nilikuwa napiga hesabu.

Hesabu yenyewe: kesho ni kwa Tajiri. Nikimpa Chiriku pole leo, moto unarudi kwangu, kesho nabweua mbele ya Tajiri, Spika anachukua funguo. Nikingoja mpaka baada ya kesho, napata funguo, halafu nampa mtoto pole nikiwa msimamizi. Pole ya msimamizi si ina uzito zaidi?

Hata hivyo mimi ni baba. Nimejirekodi kwenye simu: pole mwanangu, pole sana. Sauti nzuri, ya chini. Nikaiweka simu kwenye kiti mbele yake, nikabonyeza, nikasimama nje ya mlango nisije nikapatikana.

Simu ikasema. Chiriku akaitazama. Akaiambia, kwa kisauti kilichobaki, asante baba. Halafu mbweu. Hakikuondoka kitu.

Nilisimama pale nje nikiwa na donge kooni. Si kiungulia. Sijui lilikuwa nini, lilipita.

Jumatatu, 11 Machi

Kalamu inaruka, na si kalamu tu.

Nilifika mapema, shati limepigwa pasi, kifua baridi kabisa kwa sababu asubuhi sikula. Nje ya ofisi ya Tajiri kuna benchi. Spika alikuwa ameketi hapo, kofia mapajani, midomo ameibana, mabega yanamruka kama mtu aliyetoka kulia. Alipoinua uso, macho mekundu. Hakusema neno. Akanionyesha mlango wa Tajiri, akatikisa kichwa, akajipitishia kidole shingoni. Amekwisha! Amekwisha kukataliwa!

Furaha ile siwezi kuiandika. Ilinipanda kutoka miguuni. Nikaketi karibu naye, nikamwekea mkono begani, nikasema kwa sauti ya kutosha wafanyakazi wasikie: pole sana ndugu yangu. Pole sana. Nikairudia mara ya tatu kwa utamu wake.

Kwikwi ikanipiga hapohapo. Si kwikwi ya kawaida. Ilininyanyua kwenye benchi.

Spika akashusha pumzi ndefu, akanyoosha mgongo, akavaa kofia. Akasema asante, nimeingoja hiyo siku nyingi. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cheusi, kizibo chake kitambaa, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha. Kumbe Shangazi anagawa kila mahali. Akasema mlango wa Tajiri bado haujafunguliwa tangu asubuhi, tuingie.

Tajiri aliniuliza maswali. Uzoefu wangu? Kwikwi. Nitalindaje vifaa? Kwikwi, nikagonga kalamu zake zikaanguka. Kuhusu ile sauti ya harusini, nina la kusema? Kwikwi. Akanisogezea glasi ya maji kwa ncha ya rula.

Spika ndiye msimamizi. Amepewa funguo mbele yangu. Zililia kidogo alipozifunga kiunoni.

Njiani nilimwaza mke wake: kumbe kwikwi ile ni ya Spika tangu mwanzo, mke alimpa pole akaipokea, na Spika ikamrudia upya kama moto wangu unavyonirudia. Miaka mitatu mwanamke wa watu anaruka kama panzi, na mumewe anaijua dawa. Neno moja. Silabi mbili. Asubuhi anamwona, jioni anamwona, halisemi. Binadamu wengine wana roho ya ajabu. Nimemlaani mpaka nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Mimi si Spika. Nimeamua leo.

Nimeanza na njia nyepesi. Nimeandika POLE kwenye karatasi, herufi kubwa, nikaikunja nikaiweka chini ya mto wa Chiriku. Nikangoja. Hakuna. Nikaiandika ukurasa mzima humu, pole pole pole pole. Hakuna. Kuiandika hakudhuru, na hakusaidii.

Basi nikaenda mwenyewe. Alikuwa ameegemea ukuta palepale, amepungua, macho makubwa. Nikasimama mbele yake, nikamtazama kama Shangazi alivyoelekeza. Nikasema po. Kwikwi ikakata. Nikasema po. Kwikwi. Mke wangu kutoka jikoni akaacha alichokuwa anafanya, akaja mlangoni, akasimama kusikiliza. Nikasema po mara nyingi, jasho linanitoka. Halafu nikaona huruma, mtoto anahitaji kupumzika, nikaacha.

Ni kosa la Spika. Kwikwi ni yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, siku yake inakuja.

Mke wangu aliondoka mlangoni. Alifunga kanga yake vizuri, akaniambia anakwenda kwa Shangazi mara moja. Alirudi anatembea wima, na hakunitazama. Nilipiga kwikwi mbele yake makusudi, kubwa. Nikangoja. Ndoa yetu yote hajawahi kuiacha ipite. Aliiacha ikapita.

Jumatano, 13 Machi

Kazini Spika kaniagiza nifute viti vyote upya. Nilipotoka nikapitia nyama ya kukaanga, nimestahili. Jua bado lilikuwepo, nililiangalia. Nilikuwa nimekusudia. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi, po, po.

Kabla sijafika nikasikia sauti ya mtoto. Anaongea. Anaongea bila kituo. Chiriku alikuwa uani anaruka kamba, anamhadithia mwanasesere kwamba yule mwenzake jino lilitoka, na mwalimu alilitupa dirishani, na kuku akalimeza. Alikuwa ameshika kipande cha mkate. Nilimkamata mabega, nikamgusa kifua. Kimepoa.

Nikamwuliza imekuwaje. Akasema mama alimpa kijiko kimoja cha siki, akamwambia akae kimya. Halafu mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia pole mwanangu, pole mama. Basi ikatoka. Halafu mama akanywa siki yote iliyobaki, na chupa akaiosha. Na amesema hakuna ruhusa mtu yeyote kumpa pole, hata jirani, hata Shangazi. Jirani alipokuja Chiriku alimfukuza yeye mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakuna ruhusa. Akasema mama anakungoja wewe.

Nimeingia. Chupa imegeuzwa juu chini kwenye kichanja cha vyombo, tupu, inachuruzika. Mke wangu amekaa mezani, mkono wa kushoto kifuani, kidevu juu. Taa kaiwasha yeye mwenyewe. Kiti cha mbele yake amekivuta tayari. Nimekikalia, ndicho nilichokalia sasa naandika. Hajasema neno tangu nilipoingia. Hanuni. Ananitazama tu, namna ile unavyotazama mlango ambao unajua ndani kuna mtu.

Nasikia moto ndani yake kutoka huku nilipo. Sitanii. Unanguruma kama jiko la mafuta. Wake wa kwanza, wake wa pili, na wa mtoto. Jasho linamshuka kwenye nyusi na halifuti. Mbweu inapanda, naiona kooni inavyopanda, mbili fupi, moja ndefu, anaimeza yote asije akavunja kimya.

Ni haki kupima mambo. Moto wa watu wawili, hata ukirudi umechoka, ni moto. Chupa tupu. Shangazi, kwa ninavyomjua, hatanipa nyingine. Kesho kuna msiba mkubwa, maturubai manne, Spika atakuwa ananitazama nikosee. Na mtoto ameshapona, aliyekuwa na muda mfupi alikuwa mtoto. Kifua cha mtu mzima huchukua muda, Shangazi alisema mwenyewe.

Chiriku ameingia. Amesimama karibu na mama yake, ameziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, lisije likamponyoka. Macho yake yananitazama juu ya vidole.

Kwikwi imetulia. Nimeigundua sasa hivi. Tangu juzi ndiyo mara ya kwanza, koo ni jeupe, ulimi mwepesi, ningeweza kusema neno lolote nitakalo.

Nimeweka kalamu chini, nikafungua mdomo. Wote wawili wakainama mbele kidogo.

Nikamwuliza kama pilipili imebaki.